Dari la boksi kwenye nyumba yenye kenchi: shusha pembeni, katikati paache

Mteja akinionyesha picha ya dari kwenye simu, mimi naomba ngazi. Nilianza kazi nikiwa fundi wa paa hapa Morogoro, jipsamu nimeingia baadaye, na mpaka leo nikiingia sebuleni kwa mtu macho yananipita dari yanatafuta kilicho juu yake. Picha zote ni nzuri: pembeni pameshuka, katikati pameinuka, taa zimejificha zinatoa mwanga pale dari linapopanda. Picha haionyeshi kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa.

Dari la namna hii, ambalo ile pembeni iliyoshuka ndiyo tunaiita boksi, linapatikana kwa njia mbili. Unaweza kuinua katikati, yaani kuingia kwenye nafasi iliyo chini ya mabati, au unaweza kuacha katikati palivyo na kushusha pembeni. Kwenye nyumba ambayo imeshapauliwa kwa kenchi, mimi nafanya hiyo ya pili tu. Mteja akisisitiza ya kwanza namwambia atafute mhandisi, achore, asaini, ndipo aniite.

Sababu iko kwenye ile mbao ya chini ya kenchi, inayolala kutoka ukuta hadi ukuta. Wengi wanadhani ipo ili dari lipate pa kupigiliwa. Chukua daftari, lisimamishe juu ya meza kama paa, mgongo juu, halafu bonyeza mgongo. Kurasa zinateleza kwenda nje. Sasa zungusha uzi chini, funga, bonyeza tena: zinatulia. Mbao ya chini ndiyo huo uzi. Mabati na mbao zenyewe vinasukuma miguu ya kenchi itanuke nje, na mbao hiyo inavutwa muda wote kuizuia. Ukiikata katikati ili upate nafasi ya kuinua dari, nguvu hiyo haipotei. Inahamia juu ya ukuta.

Kuna nyumba moja Kihonda niliitwa kwa sababu ya "ufa wa rangi". Fundi aliyetangulia alikuwa amekata mbao za chini za kenchi kadhaa juu ya sebule, akatengeneza dari zuri kabisa, amelipwa na kuondoka. Ukisimama ng'ambo ya barabara unaona mgongo wa paa umebonyea. Ndani, ufa ulikuwa unakimbia juu ya lenta upande wa dirisha, umepanuka juu na kufumba chini, dalili kwamba ukuta unasukumwa nje. Mhandisi alikuja, tukashikilia paa kwa mirunda, tukaunga mbao mpya pande zote mbili za ile iliyokatwa kwa bolti. Dari zuri likabomolewa lote. Mwenye nyumba aliniuliza, "Fundi, kwani mbao moja ya chini ina kazi gani kubwa hivyo?" Nikamtafutia daftari la mtoto.

Hata Marekani, ambako kenchi hutoka kiwandani zikiwa zimebanwa kwa vibati vyenye meno, kanuni za ujenzi haziruhusu kukata wala kutoboa mbao ya kenchi bila mchoro wa mhandisi. Zetu zinapigiliwa misumari juu ya ukuta na fundi aliyekuwepo siku hiyo, kwa hiyo sisi tuna sababu zaidi ya kuziacha zilivyo. Ukiwa bado unajenga, hilo ni jambo jingine: mwambie fundi paa mapema akutengenezee kenchi ya mkasi, ambayo mbao zake za chini zimepanda katikati. Kwa nyumba iliyokwisha, endelea kusoma.

Panda juu kwanza

Panda asubuhi mapema, kabla bati halijapata moto. Zima umeme kwenye swichi kubwa. Kanyaga mbao za kenchi tu, bodi ya dari haibebi mtu, na vaa kitambaa puani kwa sababu vumbi la darini lina kinyesi cha panya na popo.

Unatafuta vitu vichache. Kenchi zimeelekea wapi, na zimeachana kiasi gani? Nyingi nilizokuta zimeachana futi 4, lakini pima, usiamini, hasa pembeni kwenye paa lenye migongo minne ambako kenchi zinafupika. Je, kuna mbao iliyopasuka, au njia za udongo za mchwa? Kuna alama za maji, yale madoa ya kahawia kwenye papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, na kwenye kichwa cha ukuta? Jipsamu na maji haviishi pamoja, kwa hiyo tundu la msumari kwenye bati linazibwa leo, dari linafuata. Nyaya zimepita wapi, na zimeungwa kwa tepu tupu au ndani ya kiboksi? Piga picha za kila upande uondoke nazo, kwa sababu ukishafunika utakuwa unakumbuka vibaya.

Dari la zamani nalo litazame. Siling bodi nyepesi haina shida, inang'oka. Lakini nyumba ya miaka ya 1970 yenye bodi ngumu za kijivu, zinazogongwa zikalia kama saruji, inaweza kuwa na asbesto ndani. Hizo usikate kwa msumeno, usivunje, usisugue msasa. Ziache zilipo na utafute ushauri wa wataalamu kabla hujagusa kitu.

Vipimo na hesabu

Nichukue sebule ya futi 14 kwa 16, dari liko futi 10 kutoka sakafuni. Nashusha pembeni upana wa futi 2 kuzunguka chumba chote, kina cha inchi 6. Katikati unabaki mstatili wa futi 10 kwa 12. Kwa macho yangu inchi 6 zinatosha. Watu wanapenda inchi 12 kwenye picha, lakini chumba cha picha kina urefu ambao wewe huna. Dari likiwa futi 9, bado inchi 6 zinaingia. Likiwa chini ya hapo shusha inchi 4 na upunguze upana, na usiruhusu sehemu iliyoshuka ifike chini ya futi 8, maana mtu mrefu atainama bila kujua kwa nini.

Bodi za futi 4 kwa 8, unene wa milimita 9, zinahesabiwa hivi, bila ukingo wa taa nitakaoufikia. Mikanda ya pembeni yenye upana wa futi 2 inafika urefu wa futi 52: miwili ya 16 na miwili ya 10. Bodi moja ikipasuliwa katikati inatoa futi 16, kwa hiyo bodi 4. Uso uliosimama wa inchi 6 unazunguka futi 44, na bodi moja inatoa vipande 8 vya futi 8, yaani futi 64, inatosha na chenji. Kama katikati unabadilisha pia, ongeza bodi 4. Jumla 9, nunua 10, kwa sababu moja itavunjika kona kwenye bajaji. Kama dari la katikati ni zima na limenyooka, liache, nunua 6.

Uzito unawatisha watu bure. Bodi ya milimita 9 ina takribani kilo 18 hadi 20. Boksi zima la sebule hii linaongeza kama kilo 80 za bodi, na karibu nusu yake inakaa ukutani. Nusu nyingine inagawanyika kwenye kenchi zote zilizo juu. Kinachoua dari ni uzito uliotundikwa sehemu moja, na hapo namsema pangaboi, nitamfikia.

Usichukue kimo kwa kupima kutoka dari la zamani kushuka chini, wala kutoka sakafuni kupanda juu. Vyote viwili vimepinda. Tumia mpira wa maji: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, toa mapovu yote, weka alama kwenye kona moja kwa kimo cha kifua, halafu hamisha alama hiyo kwenye kona nyingine tatu. Mwenye leza atumie leza, lakini mpira haujawahi kuishiwa betri. Kutoka kwenye alama hizo pima kipimo kimoja kwenda juu na piga kamba ya chokaa ukuta kwa ukuta. Hapo utagundua dari lako limeshuka inchi nzima upande wa mlango. Ni kawaida. Boksi litalificha, kama uso uliosimama utaukata kwa kufuata dari na sio kwa kipimo kimoja.

Mstatili wa katikati uchore juu kwa kamba, kisha upime pembe kwa pembe. Kwa futi 10 kwa 12, mistari yote miwili inayokatiza iwe futi 15 na inchi 7 na nusu hivi. Isipolingana, pembe za chumba chako si mraba, na vyumba vyenye pembe mraba ni vichache sana. Tofauti ikiwa ndani ya inchi moja, weka mstatili uwe na pembe mraba kamili na uache upana wa pembeni utofautiane kidogo, hakuna atakayeona. Ikizidi, gawana: nusu ya kosa mpe mstatili, nusu ipe pembeni.

Fremu

Mbao natumia 2 kwa 2 za paini zilizotiwa dawa, na kavu. Za Mafinga zinapatikana kila mahali, tatizo ni kwamba nyingine zimefika zikiwa bado mbichi. Inue moja: mbao mbichi ni nzito na ubaridi wake unausikia kiganjani. Ukiipigilia hivyo, joto la chini ya bati litaikausha ikiwa juu, itajipinda, na mstari wako wa skimu, ile poda ya jipsamu inayofunika maungio, utapasuka. Zipange chini ya kivuli zikiwa na nafasi kati yake kabla ya kazi. Chaneli za bati nazo ni nzuri na hazijui mchwa, ila nyumba iliyo na mbao juu naona ni rahisi kuendelea na mbao.

Anza na ukuta. Mbao ya 2 kwa 2 inafuata kamba ya chokaa kuzunguka chumba, imefungwa kwa skrubu za inchi 3 na plagi za plastiki, kila baada ya inchi 16. Msumari wa zege kwenye tofali la saruji unaingia kwa kelele na kutoka kwa kidole. Kwenye lenta unashika, kwenye tofali haushiki.

Kisha unakuja mstari wa ndani, wenye mbao mbili: ya juu na ya chini. Ya juu inafungwa kwenye kenchi. Pale ambapo mstari wako unakatiza kenchi, kila kenchi ni sehemu ya kufungia. Pale ambapo mstari unakwenda sambamba na kenchi na unaangukia katikati ya mbili, hakuna cha kushika, na hapo ndipo mafundi wa haraka hufungia kwenye bodi ya zamani au kwenye zile 2 kwa 2 za dari la zamani. Panda juu, weka mbao za 2 kwa 4 zikingame kutoka kenchi hadi kenchi, kila baada ya futi 2, ndipo mbao yako ya juu ipate mwenyewe. Kufunga skrubu kwenye kenchi hakuna ubaya. Kuichonga, kuipunguza au kuitoboa tundu kubwa la bomba la waya ndiko kubaya.

Mbao ya chini inaning'inia kwa vipande vifupi vilivyosimama, kila baada ya inchi 16. Mimi naviunganisha sakafuni kwanza, mbao ya juu, ya chini na vipande, kama ngazi iliyolazwa, kisha na saidia fundi tunapandisha kitu kizima. Sakafuni unaona kama kimenyooka, juu ya ngazi unabahatisha. Malizia kwa vipande vinavyotoka mbao ya ukutani hadi mbao ya chini ya ndani, navyo inchi 16, kwa sababu futi 4 za bodi zinagawanyika kwa 16 mara tatu na kingo za bodi zitaangukia kwenye mbao.

Kabla ya hapo, tafadhali, mama mwenye nyumba aulizwe habari ya pazia. Siku hizi wengi wanataka pazia linaloanzia darini. Upande wa dirisha boksi lisiguse ukuta: acha mfereji wa inchi 6 hadi 8, na mbao ya upande huo nayo itundikwe kwenye kenchi badala ya ukuta. Akikumbuka baada ya skimu, ni kubomoa.

Umeme na pangaboi

Fundi umeme aingie sasa, fremu ikiwa wazi. Nyaya zipite ndani ya bomba, maungio yakae ndani ya viboksi, na kila kiboksi kifikike kutoka tundu la kupandia darini. Kama nyumba haina tundu hilo, litengeneze, futi 2 kwa 2, kwenye korido au stoo.

Kwa taa za mkanda zilizojificha, bodi ya chini ya boksi inatokeza ndani inchi 4 kupita uso uliosimama, na mwisho wake unapigwa ukingo wa inchi 2 kwenda juu. Kati ya ukingo na dari la katikati zinabaki inchi 4 za mwanga kupita. Ukipunguza hapo, mwanga unakuwa mstari mkali badala ya kutandaa. Kabla ya kufunga moja kwa moja, washa taa usiku, kaa kwenye kochi la mbali kabisa na utazame juu. Ukiona vidoti vya taa vyenyewe, ukingo ni mfupi.

Futi 44 ni mita 13 na kitu. Mikanda ya volti 12 huuzwa kwa robota za mita 5, na ukiunga robota tatu mfululizo, ya mwisho inafifia na kuwa njano. Kila robota ipelekewe waya wake kutoka kwenye transfoma. Na transfoma isifukiwe ndani ya boksi: ndiyo kitu cha kwanza kufa, na inahitaji hewa. Iweke karibu na tundu.

Sasa pangaboi. Halifungwi kwenye jipsamu, halifungwi kwenye 2 kwa 2. Weka mbao ya 2 kwa 6 ikingame kati ya kenchi mbili, katikati kabisa ya mstatili, ndoano au bolti ipite hapo. Mapanga yawe angalau futi 7 kutoka sakafuni, na yawe chini ya usawa wa boksi, vinginevyo feni inazungusha hewa ndani ya shimo la dari na nyinyi chini mnatoa jasho. Kwa hiyo bomba la feni linaweza kuhitaji kurefushwa. Taa za kuzama usizipange ndani ya mzunguko wa mapanga: panga likipita mbele ya taa, chumba kizima kinapepesa, na mgeni wa saa moja atakuwa na kichwa kinauma.

Bodi na skimu

Hapa kazi inaenda haraka. Bodi za chini kwanza, halafu uso uliosimama, halafu ukingo wa taa. Skrubu za inchi 1 na robo hadi moja na nusu kwa mbao, kila baada ya inchi 8, na zisikaribie mno ukingo wa bodi. Kichwa kizame kidogo bila kupasua karatasi, maana karatasi ndiyo inayoshika. Kona nne za bodi zisikutane sehemu moja. Na kwenye kona za mstatili usiunge bodi kwa mstari unaoendelea na uso uliosimama: kata kipande chenye umbo la L kizunguke kona. Ni usumbufu, inapoteza bodi kidogo, lakini kona hizo nne ndizo zinazopasuka mwanzo.

Maungio yote yapigwe tepu ya nyavu, kona za ndani tepu ya karatasi, kona za nje chuma cha kona. Poda ya jipsamu changanya kidogo kidogo, ikianza kuganda itupe, usiifufue kwa maji. Mikono mitatu ya skimu, kila mmoja ukauke na kupigwa msasa. Kagua usiku kwa taa ya mkononi uliyoilaza karibu na dari, mwanga ukipita ubavuni. Mchana kila dari limenyooka.

Kuhusu malipo, kubalianeni mapema kama fundi anahesabu eneo la sakafu au eneo la bodi. Sebule yetu ina futi za mraba 224 chini, lakini bodi juu zinafika 246, bado mbao na kona. Ugomvi mwingi nilioushuhudia umetoka kwenye hizo 22.

Mvua ya kwanza kubwa ya masika ikishanyesha, fungua tundu, panda na tochi. Pitia papi na mbao za kenchi juu ya boksi, gusa kwa mkono. Palipo na unyevu hujitokeza juu wiki nyingi kabla ya doa kuonekana sebuleni, na tundu la msumari linazibwa bila kugusa jipsamu.